Sufuria kwenye Chumba cha Pamba

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia pembe mpaka kwato. Niliapa hivyo mwaka wa tisini na tisa mbele ya akina mama kumi na wanne, siku kikundi chao kilipokutana nyumbani kwangu Kimulot, na naapa tena leo. Niliwaambia hivi: mkinipata nimeongeza chumvi hata ya kuonja, yule atakayenikamata amfungue mtamba wangu mwekundu pale kwenye kigingi, aende naye.

Walicheka sana. Wananijua. Ni mimi niliyewahi kuwaambia kwamba mvua ya mawe ilinichumia chai ekari mbili, majani mawili na chipukizi bila kosa, na kazi yangu ikawa kuokota tu na kupeleka kituoni.

"Mzee," akasema Elmina, mwenyekiti wao, "huyo mtamba ameshaenda. Anza tu."

Mke wangu alikuwa akimimina chai. Karibu na mlango alikaa mgeni mmoja, mama muuza ndizi aliyekaribishwa na kikundi wiki ile, kapu lake kati ya miguu. Nikaanza.

* * *

Palikuwa na mtu anaitwa Kipkemoi, na mke wake aliitwa Rodah. Ndiyo, kama wangu. Akina Rodah ni wengi huku kwetu kuliko miti ya mibuluu.

Wote wawili waliajiriwa Kipkelion, kwenye kiwanda kidogo cha uzi kilichokuwa kando ya reli. Usiende kukitafuta. Mitumba ilikimaliza, na mabati yake sasa yameezeka nusu ya vibanda vya soko. Lakini mwaka wa tisini na tatu kilikuwa kinanguruma mchana kutwa. Pamba ilichambuliwa mbegu huko chini ziwani kwenye joto, ikafungwa marobota mazito, ikapandishwa kwa treni mpaka kwenye baridi yetu. Rodah alikuwa kwenye mashine za kusokota. Kipkemoi alikuwa maabara, mtu wa kupima pamba kabla haijalipiwa, na kwa sababu alivaa koti jeupe, kiwanda kizima kilimwita Daktari.

Jioni moja ya Alhamisi, saa kumi na moja, wanawake walipanga mstari langoni, kila mmoja na mfuko wake wa uzi uliokatika siku hiyo. Nyapara wao, mtu anaitwa Kimeli, alikuwa ameweka mizani ya gunia pale nje, mahali wapita njia wanaona. Akapima mfuko mmoja mmoja, akataja kilo kwa sauti ya mnada, halafu akaandika kwenye ubao mweusi majina mawili ya chini kabisa. Kila kilo ilikuwa na kiasi chake cha kukatwa kwenye mshahara, lakini si hilo lililowauma zaidi. Uliowauma ni ubao. Watoto waliotoka shule walikuwa wakisimama kuusoma.

"Esnah, kilo nne na nusu! Rodah, nne na robo!" Kimeli alisema. Akageuka na chaki mkononi. "Sasa sikizeni. Nyuzi zinakatika tangu Juni, na meneja amechoka. Ijumaa ijayo mmoja kati ya hawa wawili anaenda nyumbani. Na msiseme Kimeli ni mbaya. Sichagui mimi. Mizani ndiyo itachagua."

Kipkemoi alikuwa amesimama upande wa pili wa lango na koti lake, akimngoja mke wake kama kila siku. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

* * *

"Ameniandika herufi kubwa," Rodah alisema walipofika nyumbani. Alikuwa akisonga ugali kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji. "Kama vile mimi ni tangazo la ng'ombe aliyepotea."

"Utapunguza tu. Bado kuna wiki."

"Nitapunguzaje? Hiyo pamba yenu imeoza."

"Haijaoza. Nimeipima mwenyewe. Saba na nukta moja."

"Saba ya nini?"

"Ya nguvu. Ikiwa chini ya saba tunairudisha."

"Basi kuja ushike hiyo nguvu na mkono wako. Ikifika kwa mashine inakatika kama tambi. Naunga huku, inakatika kule. Naenda kule, inakatika huku. Nakimbia kama mtu anafukuza kuku kumi na wawili."

Kipkemoi akafikiri kidogo, na hapo akasema neno ambalo angelirudisha kinywani kama lingekubali. "Pengine mikono ina jasho."

Mwiko ukasimama katikati ya sufuria. Rodah akamtazama, kisha akatazama mikono yake pande zote mbili, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha wizi ndani ya mfuko wake.

"Mikono hii?" akasema. "Mikono hii imekukamulia ng'ombe na kukulelea mama yako mpaka akafa. Leo ndiyo inatoa jasho?"

Ugali aliuweka mezani, sehemu ya mume wake ikiwa imekatwa sawasawa kabisa, kama imepimwa.

* * *

Kipkemoi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini vyombo. Kila robota lilipofika alichomoa pamba kidogo, akaichana kwa kitana mpaka ikalala kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga, akaibana kwenye meno mawili ya chuma, kisha akaachilia mzigo uteremke kwenye reli yake ndogo. Pamba ikikatika, mzigo unasimama, naye anasoma namba. Halafu anapima kile kipande kilichokatika kwenye mizani nyepesi sana. Nawaambia, nzi akitua juu ya ile mizani ungejua kama amekula au hajala. Namba mbili, unagawanya, unapata nguvu ya pamba. Akimaliza anaandika chaki kwenye robota: duara, liingie mlango wa kushoto, kwenye mashine ya kwanza mpaka ya sita; msalaba, liingie mlango wa kulia, kwenye mashine ya saba mpaka ya kumi na mbili. Rodah alikuwa kwenye mashine ya nne, Esnah kwenye ya tisa.

Jumapili Rodah alienda kanisani peke yake. Kipkemoi alimwomba askari wa lango ufunguo wa maabara. Alitaka jambo moja tu: apime tena pamba ya wiki nzima, aandike namba kwenye karatasi safi, ampelekee mke wake aone kwamba chombo hakimuonei mtu.

Alikuwa ameweka kipande cha kila robota kwenye bahasha. Akapima cha kwanza. Sita na nukta tano.

Akakohoa. Akapima cha pili. Sita na nukta nne. Cha tatu, sita na nukta sita.

Akafuta vumbi kwenye reli ya chombo. Akakaza parafujo. Akapima tena vilevile vitatu, na namba zikarudi zilezile kama kondoo wa mtu mmoja. Hapo akahisi kiu. Jumapili hakuna maziwa ya kiwandani, kwa hiyo akabandika strungi kwenye lile jiko dogo la stima lililokuwa pale kwenye kona, chini ya dirisha.

Hapa lazima niwaeleze habari ya hilo jiko. Mtu wa kwetu hawezi kufanya kazi ya akili bila chai, hilo halina mjadala. Mwezi wa sita, baridi ilipozidi, Kipkemoi alihamisha sufuria ya chai kutoka stoo akaileta maabara, kwa sababu maabara ilikuwa na stima nzuri na madirisha yasiyopitisha upepo. Tangu hapo kila siku saa mbili na nusu alibandika sufuria ya lita kumi, maziwa nusu, maji nusu, akaiacha itokote polepole mpaka saa nne, na meneja mwenyewe alikuja na kikombe chake. Ilikuwa chai ya kusifiwa. Mashine ya kwanza mpaka ya kumi na mbili walisikia harufu yake. Na hewa ya chumba? Ukutani palikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kimoja kimevaa kitambaa chenye maji. Ukilinganisha viwili hivyo unajua hewa ina unyevu kiasi gani. Kipkemoi alivisoma kila asubuhi bila kukosa. Saa mbili kamili.

Jumapili hiyo strungi ilitokota, naye akakaa juu ya robota akisoma gazeti la mwezi uliopita. Vioo vya dirisha vikapata ukungu. Tone likateremka. Baada ya saa nzima akanyanyuka, akachukua bahasha ya kwanza, akapima kwa kuondoa uvivu tu.

Saba na nukta moja.

Akakaa chini polepole. Alikumbuka fundi aliyewafundisha kazi ile, mtu mfupi wa maneno machache, aliyewaambia siku ya kwanza kabisa: pamba ikinywa maji inajifanya ina nguvu, msipime kwenye hewa msiyoijua. Kipkemoi alikuwa ameiandika kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Akatazama vile vipimajoto ukutani. Cha kitambaa na kikavu vilikuwa karibu kulingana, yaani hewa ilikuwa imejaa maji.

Kwa hiyo tangu Juni alikuwa akipitisha pamba dhaifu. Ilikuwa ikipimwa ndani ya mvuke wa chai yake, ikionekana ngangari, halafu ikienda kwenye ukumbi wa mashine ambako hewa ni kavu, na huko ikirudi kuwa vile ilivyo. Akajiambia: uliyemwita mzembe ni mke wako. Aliyeandikwa ubaoni ni mke wako. Na kosa lilikuwa kwenye sufuria.

Akaichukua strungi yote akaimwaga kwenye sinki. Mtu wa Kericho kumwaga chai! Aliitazama ikiishia kwenye tundu mpaka mwisho, akaosha sufuria mara mbili, akaigeuza juu chini.

Rodah alirudi kutoka kanisani, akamkuta amekaa nyumbani. "Ulienda kupima?" akauliza.

"Nilienda."

"Ikasemaje?"

"Chombo kina vumbi," Kipkemoi akasema. "Nitaangalia tena."

* * *

Jumatatu hakuchemsha chai. Meneja alikuja na kikombe chake saa nne, akasimama mlangoni akinusa, akarudi na kikombe kikavu. Siku hiyo pamba ilipimwa kwenye hewa ya haki, na marobota mengine yalipata saba na mengine sita, na Kipkemoi akaandika namba zote penseli, si wino.

Kusema ni neno dogo. Angesema, "Meneja, kosa ni langu." Lakini kila alipolifanyia mazoezi lilikuwa na mkia. Kosa ni langu, tangu Juni. Kosa ni langu, na marobota mia tatu yamelipiwa. Alijua mtu wa koti jeupe akifukuzwa hapewi koti lingine. Na kama yeye akifukuzwa na Rodah akifukuzwa, mahindi ya shambani hayangefika Krismasi.

Jumanne wakati wa chakula alisikia hodi. Alikuwa Esnah, yule wa mashine ya tisa. Ulikuwa mwaka ule ambao watu wa kwao waliokaa huku, Kipkelion na Londiani, walikuwa bado wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia wakija kuchomewa nyumba. Wenzake wengi walikuwa wamerudi Kisii. Yeye alibaki kwa sababu ya kazi hiyo na mtoto mmoja wa shule.

"Karibu, mama."

"Sikai, Daktari. Kimeli akiniona huku atasema nimekuja kuombaomba." Akafungua leso. Ndani palikuwa na uzi uliokatika, umekunjwa vizuri kama sadaka. "Nipimie hii."

"Hii imeshasokotwa. Chombo changu ni cha pamba, si cha uzi."

"Basi nipime mimi." Akanyoosha vidole kumi juu ya meza. "Kwa sababu hapa kuna mmoja mbovu, ama mimi ama pamba. Na mimi najijua. Miaka saba niko kwa mashine, sijawahi kupita kilo mbili. Sasa kweli vidole vimeoza vyote pamoja, vyangu na vya mke wako, mwezi mmoja?"

Kipkemoi alitazama vile vidole. Kidole cha shahada kilikuwa na mfereji mdogo uliochorwa na uzi. Cha Rodah pia kilikuwa nao.

"Nitaangalia," akasema.

"Utaangalia lini? Ijumaa ni karibu."

"Kabla ya Ijumaa."

"Sawa. Mimi nimeamini hiyo koti." Akakunja leso. Mlangoni akanusa, akageuka. "Kwani siku hizi hamchemshi chai? Ilikuwa inatufikia mpaka kwa mashine, ikitupa moyo."

"Tumbo linanisumbua."

"Woi, pole sana. Kunywa maji ya moto," Esnah akasema, na akaenda zake.

* * *

Jambo la ajabu, wiki hiyo uzi wa Rodah uliacha kukatika. Jumatano alipimiwa kilo tatu. Alhamisi kilo mbili. Sababu yake hata Kipkemoi hakuijua. Mambo mengine huja tu yenyewe. Esnah alipanda mpaka kilo tano na nusu.

Alhamisi hiyo Rodah alirudi akiimba wimbo wa kanisani, akapika mboga na maziwa.

"Nikwambie siri," akasema, akimwonyesha mume wake vidole. "Nilikata kucha, nikapaka mafuta ya maziwa kila asubuhi. Vimerudi! Sasa niambie tena habari ya jasho."

"Sitasema tena."

"Usiseme." Akakoroga mboga. "Kesho ni Esnah anaenda. Namwonea huruma, kusema kweli. Amekuwa jirani mzuri. Wakati ule tulipougua wewe na mimi, ni yeye alituletea uji." Akapuliza moto. "Lakini afadhali yeye. Mungu anisamehe, afadhali yeye."

Kipkemoi alikula tonge moja. Alisema tumbo bado.

* * *

Ijumaa saa kumi na moja wanawake walipanga mstari. Kimeli alikuwa na chaki mpya. Meneja mwenyewe alikuwa ameteremka, miwani yake mkononi. Na kabla mfuko wa Esnah haujanyanyuliwa kwenye mizani, mlango wa maabara ukafunguka, akatoka Kipkemoi na koti lake jeupe, amebeba sufuria ya chai ya lita kumi, inatokota bado, mvuke unamfunika uso kama wingu la mlima!

Akaiweka chini mbele ya meneja. Akapanda juu ya robota. Akasema, "Huyu hapa ndiye anayekata nyuzi zenu." Akaeleza yote: Juni, jiko, vipimajoto, saba na nukta moja. Akavua koti akalikunja. "Kama kuna wa kwenda nyumbani leo," akasema, "ni mimi."

Kisha meneja akavaa miwani, akachota chai kwa kikombe chake, akanywa, akasema, "Chai hii ni nzuri sana kumfukuza mtu. Ichemshwe nje." Kimeli akafuta ubao kwa mkono wa shati lake. Esnah akapiga magoti akilia kwa furaha, na Rodah akamkumbatia, na wakati huohuo treni ya kutoka Kisumu ikapita ikapiga honi mara tatu, kama inashangilia.

* * *

Hapo akina mama walipiga makofi. Elmina alifuta macho. Nami nilishika kikombe changu kama mtu aliyemaliza kulima.

"Treni haikupita," sauti ikasema.

Alikuwa yule mgeni wa mlangoni, muuza ndizi. Hakuwa amepiga makofi.

"Siku ya Ijumaa hapakuwa na treni ya jioni Kipkelion," akasema. "Ilikuwa Jumanne na Alhamisi."

Watu wakaangua kicheko. "Mzee, mtamba!" Elmina akapiga paja. "Mtamba kwa ajili ya honi!"

"Honi ni kitu kidogo," yule mama akasema. Akasukuma kapu kando, akasimama. "Jina langu si Esnah. Ni Phelis. Na wewe Daktari, siku hiyo hukutoka."

Kicheko kikaisha kidogokidogo, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Mke wangu alikuwa na birika mkononi. Hakuliweka.

"Nilibisha mlango wako," Phelis akasema. "Mara nne. Niliona koti kwa kioo. Lilisimama, halafu likarudi nyuma. Kimeli akaniita, nikaenda, akapima, akasema kilo sita, watoto wote wakisoma. Walinipa barua na wakanifungulia lango. Nauli sikuwa nayo, nikamshika mtoto wangu mkono tukafuata reli. Sasa, hiyo chai uliyobeba ilikuwa ya nani? Maana mimi sikuionja."

Nikasema, "Mama..."

"Bado. Na ile chaki?"

Hapo niliweka kikombe changu chini.

"Umesema uzi wa mke wako ulipona wenyewe. Momanyi ndiye alikuwa anasukuma marobota, na aliniambia kabla sijatoka, 'Mama, wiki hii zile nzuri zote zina duara, na zile mbovu zote zina msalaba. Zamani zilikuwa zinachanganyika.' Mimi sikusoma sana. Lakini msalaba ni mashine ya tisa."

Nilikubali. Ningefanya nini? Nilisema mbele yao wote kwamba ni kweli: nilipima kwenye hewa ya haki, nikajua zipi nzuri na zipi mbaya, nikampa mke wangu nzuri na nikampa Phelis mbaya. Na nikasema lile lililobaki, ambalo hata Phelis hakulijua. Jumatatu yake nilihamisha jiko likaenda stoo, nikaanza kurudisha pamba dhaifu, na nyuzi zikaacha kukatika kiwanda kizima. Kimeli akawaambia watu, "Mnaona? Yule mama ndiye alikuwa na mkosi." Watu wakakubali. Mwaka ule ilikuwa rahisi kukubali neno kama hilo juu ya mtu wa kwao. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nikanywa chai.

Nikatoka nje kwenda kwenye kigingi. Phelis akanifuata.

Hakumtazama mtamba haraka. Alimzunguka, akamshika mgongo, akafungua mdomo akahesabu meno, akainama akagusa matiti moja moja.

"Ana mimba?"

"Miezi mitano."

"Nani amepima?"

"Ni mimi."

"Basi nitaita daktari wa kweli," akasema. Akashika kamba, akaigeuza mkononi. Ilikuwa bado inanuka duka. "Kamba hii ni mpya."

"Ndiyo."

"Uliinunua lini?"

"Jumatano."

Jumatano ndiyo siku niliyomwona sokoni Kimulot, amekaa nyuma ya ndizi zake, vidole vyake vikikunja noti kwa namna ileile aliyokunjia leso. Sikuweza kumsogelea. Nilienda nikamwambia mke wangu kwamba kuna mama muuza ndizi, mgeni, akina mama wamkaribishe. Rodah hakumtambua: miaka sita ilikuwa imepita, na Phelis alikuwa amekonda sana. Nikanunua kamba. Asubuhi ya siku ya mkutano nikamfunga mtamba karibu na njia.

Phelis alimfungua mtamba kwenye kigingi. Nilidhani atasema neno, na sijui nilitaka liwe neno gani.

"Kwa hiyo hata hili la kusema kosa lako ulitaka nikusaidie," akasema. Akamvuta mtamba, naye akamfuata vizuri, mnyama mpole yule, wakateremka kati ya chai mpaka nikawa naona mgongo mwekundu tu.

Niliporudi ndani, akina mama walikuwa wameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Rodah alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono yake imelazwa juu ya magoti, viganja juu.

"Miaka sita," akasema, "nimewaambia watu ni mafuta ya maziwa. Nimewafundisha wasichana wa watu. Nimesimama kanisani nikatoa ushuhuda wa vidole hivi."

"Rodah."

"Nilisema afadhali yeye. Ukanisikia. Ukanyamaza, ukasema tumbo."

Akanyanyuka, akaosha vikombe kumi na sita bila haraka, akaosha sufuria ya chai mara mbili, na akaigeuza juu chini kwenye rafu.

Bado tunaishi pamoja. Ugali ananipa, mboga ananipa, na maziwa ya ng'ombe aliyebaki tunagawana. Lakini chai najichemshia mwenyewe, nje, kwenye mawe matatu, hata mvua ikinyesha. Na hili, kama kuna asiyeamini, aje Kimulot saa nne yoyote atanikuta.